Rubani, Ukungu na Sheria: Nani Mwenye Neno la Mwisho?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimeonelea heri nisiandike juu ya ngeli wala fasihi simulizi, kwani wenzangu wameshayaandika hayo vizuri. Nitaandika juu ya helikopta. Najua kuna watakaoguna, "Helikopta na Kiswahili wapi na wapi?" Tulia kidogo, ndugu yangu. Kiswahili kikishindwa kueleza helikopta, kosa ni letu sisi tunaokisema.

Nitaanza na kisa nilichokishuhudia kwa macho yangu mawili.

Kisa cha uwanja wa shule jirani

Mwaka jana mwezi wa Julai kulikuwa na mchango wa kujenga madarasa katika shule ya msingi iliyo jirani nasi huku Limuru. Mgeni wa heshima alikuja kwa helikopta. Ilitua saa tano asubuhi jua likiwaka, na watoto wote wa kijiji tukakimbia kuiona. Hotuba zikawa ndefu kama kawaida. Ilipofika saa tisa, ukungu ukaanza kupanda kutoka upande wa mashamba ya chai. Wanaoishi huku wanaujua ukungu wetu wa Julai. Haubishi hodi. Unaona nyumba ya jirani, unageuka kumwita mbuzi, ukigeuka tena nyumba haipo.

Rubani alikuwa mzee wa makamo, mwenye mvi kidogo. Alisimama kando ya mashine yake akiangalia mikaratusi iliyo mwisho wa uwanja. Msaidizi wa mheshimiwa alimwendea akimwonyesha saa ya mkononi. Rubani akatikisa kichwa. Yule msaidizi akarudi mara ya pili, safari hii kwa sauti ya juu. Rubani akatikisa kichwa tena. Sisi vijana tukaanza kupiga kelele, "Mwoga! Mwoga!" Na mimi nilikuwa mmoja wao. Nasema hivyo kwa sababu makala haya hayatakuwa na maana nikijificha.

Mwishowe mheshimiwa aliondoka kwa gari, na helikopta ikalala uwanjani ikilindwa na askari wawili. Jioni nilimkuta rubani akinywa chai chini ya ukumbi wa darasa. Nikajikaza nikamuuliza, "Shikamoo Kapteni. Kwa nini hukuruka, na ndege hii inapanda juu moja kwa moja?"

Akanijibu, "Marahaba, kijana. Kupanda si shida. Shida ni kile kipande kati ya kuacha nyasi na kushika mwendo. Hapo sina nyasi za kuangalia, na vipimo navyo bado havijanisaidia."

Sikumwelewa. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Fizikia, nikasoma, nikauliza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwa nini ukungu ni adui mkubwa wa helikopta

Ndege ya kawaida huanza safari yake ikiwa chini. Hukimbia kwenye barabara yake yenye mstari katikati na taa pembeni, na inapoinua pua tayari ina mwendo mkubwa. Kwa hiyo rubani akiingia katika wingu, ndege imetulia na vipimo vilivyo mbele yake vinafanya kazi barabara.

Helikopta haiko hivyo. Inainuka ikiwa haina mwendo hata kidogo, ikibebwa na rafadha, yaani yale mapanga makubwa yanayozunguka juu. Ikiwa imesimama hewani hivyo, haijitulizi yenyewe. Mwalimu aliniambia nijaribu kusimamisha fimbo ya ufagio juu ya kiganja. Usipoitazama ile fimbo na kusogeza mkono kila mara, inaanguka. Rubani naye anatazama nyasi, miti na paa la nyumba, anasogeza mikono na miguu kidogo kidogo bila kukoma.

Ikishapata mwendo wa kwenda mbele, helikopta hutulia zaidi. Ndiyo sababu helikopta zinazoruhusiwa kuruka ndani ya mawingu huwekewa mwendo wa chini kabisa ambao rubani anaweza kutegemea vipimo peke yake. Kwa helikopta nyingi mwendo huo ni kati ya kilomita 90 na 110 hivi kwa saa. Chini ya hapo anatakiwa kuona nje.

Sasa jiulize, msomaji. Helikopta ikiinuka katika ukungu mzito, nyasi zinapotea kabla haijapata mwendo huo. Rubani hana dunia ya kuangalia, na mwendo wa kumwezesha kutegemea vipimo hana. Hicho ndicho kipande alichokuwa akikisema yule Kapteni.

Sikio linavyotudanganya

Kuna jambo la pili, nalo lilinishangaza zaidi. Ndani ya sikio tuna viungo vidogo vinavyotuambia kama tumesimama wima au tumelala. Viungo hivi haviwezi kutofautisha kulala chali na kusukumwa mbele kwa kasi.

Umewahi kupanda matatu, dereva akaondoka kwa fujo? Unasukumwa nyuma kwenye kiti. Ukiwa umefumba macho, mwili unakuambia kwamba matatu imeinua pua kama inapanda mlima. Ukifumbua macho unaona barabara ni tambarare, na mwili unajirekebisha. Rubani aliye ndani ya ukungu usiku ni kama amefumbwa macho. Helikopta inapoongeza kasi kwenda mbele, anahisi pua inainuka, kumbe haiinuki. Basi anaishusha. Akiishusha, kasi inazidi, na ile hisia ya uongo inazidi pia. Anaishusha tena. Yote hayo yanaweza kutokea kwa sekunde chache, karibu kabisa na ardhi.

Tena rubani huyo anaweza kuwa hodari. Sikio la hodari na sikio la mwanagenzi ni sikio lile lile.

Mfano wa kwanza: pale sheria ilipokuwa kimya

Tarehe 13 Machi 2014, mahali paitwapo Gillingham katika jimbo la Norfolk, Uingereza, helikopta aina ya AW139 iliondoka kwenye makazi ya kibinafsi saa moja na nusu hivi usiku. Ilikuwa na watu wanne, wakiwemo marubani wawili na mwenyewe, mfanyabiashara Edward Haughey, aliyejulikana pia kama Lord Ballyedmond. Safari ilikuwa ya kwenda Ireland ya Kaskazini. Kulikuwa na giza na ukungu, na sehemu ile haikuwa na taa nyingi. Helikopta iliinuka, ikaanza kwenda mbele, pua ikazidi kuinama mpaka ikagonga ardhi. Wote wanne walifariki.

Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza walitoa ripoti yao mwaka 2015. Walieleza kwamba huenda marubani walidanganywa na hisia ile niliyoieleza hapo juu. Walitaja pia kwamba hapakuwa na utaratibu uliowekwa wa jinsi marubani wawili wagawane kazi, na kwamba mtambo wa kuiongoza helikopta yenyewe haukutumiwa sana. Kinasa sauti kilionyesha kwamba kabla ya kuruka rubani mmoja alisema hakufurahia kuondoka pale. Ikasemwa pia kwamba mwezi bado ulionekana.

Hapo kwenye mwezi nilisimama nikawaza. Ukitazama juu, ukungu unaweza kuwa mwembamba kama shuka, na mwezi unauona. Ukitazama mbele, ukungu ule ule ni kama blanketi mia zimepangwa. Mwezi hauwezi kumwambia rubani kama pua imeinama.

Je, walivunja sheria? Hapa ndipo penye funzo. Safari za kubeba abiria wa kulipa zilikuwa na kiwango cha chini cha umbali wa kuona kabla ya kuruka. Safari ya kibinafsi kutoka uwanja wa kibinafsi haikuwekewa kiwango kama hicho. Uamuzi uliachiwa busara ya rubani. Rubani alikuwa na wasiwasi, na hapakuwa na karatasi yoyote ya kuushikilia ule wasiwasi wake.

Marekani nako kuna tofauti kama hiyo. Helikopta ya abiria wa kulipa, pale uwanja usipokuwa na kiwango chake maalum, inatakiwa rubani aone nusu maili, yaani kama mita 800, ndipo aruke kwa vipimo. Hizo ni kama viwanja vinane vya kandanda vilivyopangwa mstari mmoja. Safari ya kibinafsi haifungwi na kipimo hicho.

Mfano wa pili: pale sheria ilipokuwepo

Asije mtu akasema, "Basi tuandike sheria nyingi, mambo yaishe." Tarehe 26 Januari 2020, helikopta aina ya Sikorsky S-76B ilianguka kwenye vilima vya Calabasas, karibu na Los Angeles, Marekani. Watu tisa walifariki, akiwemo mchezaji maarufu wa mpira wa vikapu Kobe Bryant na binti yake Gianna. Huku kwetu pia vijana wengi walilia.

Safari hii sheria ilikuwepo. Kampuni ilikuwa na ruhusa ya kurusha abiria kwa kuona nje tu, si kuingia mawinguni. Lakini mbele kulikuwa na vilima na mawingu yaliyoshuka. Rubani aliendelea, akaingia ndani, akawaambia waongozaji kwamba anapanda hadi futi 4,000. Mashine ilikuwa imeanza kupinda kushoto na kushuka. Mwezi wa Februari 2021 wachunguzi walisema kwamba chanzo ni rubani kuamua kuendelea mawinguni hadi akapoteza mwelekeo. Walitaja pia shinikizo ambalo huenda alijiwekea mwenyewe, na tabia ya binadamu ya kung'ang'ania mpango aliouanza. Kampuni nayo ililaumiwa kwa kutosimamia vizuri mambo ya usalama.

Umeona, msomaji? Gillingham busara iliachwa bila sheria. Calabasas sheria ilikuwepo, busara ikachoka njiani.

Mjadala wetu chamani

Muhula wa pili tulijadili hoja hii katika chama: "Rubani aachiwe aamue mwenyewe." Ukumbi ulijaa, hata wa Kidato cha Kwanza walisimama madirishani.

Waliounga mkono walisema kwamba sheria imeandikwa na mtu aliyekaa ofisini, hali rubani ndiye aliye uwanjani. Tena uwanja wa shule ya msingi hauna mtambo wa kupima ukungu. Ni nani atakayesema hizi ni mita 800 au mita 300 kama si yeye? Wakaongeza kwamba hata kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, zilizotokana na mkataba uliotiwa sahihi Chicago mwaka 1944, na ambazo Kenya ni mwanachama wake, zinampa rubani mkuu neno la mwisho juu ya ndege yake. Zinamruhusu hata kuacha kanuni pale ambapo usalama unamlazimu kabisa.

Waliopinga walisema kwamba busara ya mtu inabadilika. Saa tatu asubuhi, akiwa ameshiba na hana haraka, atasema "hapana". Saa kumi na mbili jioni, tajiri akiwa amekunja uso, atasema "labda". Mita 800 hazibadiliki kwa sababu ya uso wa mtu.

Mimi nilikuwa upande wa kupinga, lakini nakiri kwamba wenzetu walikuwa na hoja. Ukisoma vizuri, ile kanuni ya neno la mwisho inamruhusu rubani kuacha sheria ili ajiepushe na hatari. Haimruhusu kuacha sheria ili awahi mkutano.

Sheria inayolinda busara

Nilipoendelea kusoma, nilikuta jambo lililonifanya nione kwamba swali letu la mjadala halikuwa limeulizwa vizuri. Sheria na busara si lazima ziwe kama paka na panya.

Chukua helikopta za kubeba wagonjwa huko Marekani. Simu inalia usiku, kuna mtu anataka kuokolewa. Rubani akiambiwa kwamba mgonjwa ni mtoto wa miaka mitatu, moyo wake utavutwa, na ukungu utaanza kuonekana mwembamba. Kwa hiyo huduma nyingi zimeweka utaratibu: rubani haambiwi habari za mgonjwa mpaka aamue kama hali ya hewa inaruhusu. Anaambiwa tu kutoka wapi hadi wapi. Pia wana desturi kwamba wafanyakazi wote watatu wakubali ndipo waruke, na mmoja akikataa hawaruki, wala haulizwi kwa ubaya.

Kanuni kama hizi hazimnyang'anyi rubani uamuzi. Zinafunga mlango ili watu na huruma na hasira zisiingie ndani wakati anaamua. Ndipo nikamkumbuka yule Kapteni na msaidizi wa mheshimiwa mwenye saa ya mkononi. Nilikuwa nimemuuliza siku ile, "Hukuogopa kumkatalia mkubwa?" Akasema, "Niliogopa. Lakini nilijiwekea alama asubuhi tulipotua. Nikaambia moyo wangu, isipoonekana ile mikaratusi, siruki. Uamuzi niliufanya jua likiwaka. Jioni nilikuwa nasoma tu jibu."

Yaliyonigusa nyumbani

Ningeweza kukomea hapo, lakini mwalimu mlezi wetu husema makala bila mwandishi ndani yake ni kama ugali bila mboga.

Baba yangu ni dereva wa kanta. Hubeba kabeji na viazi kutoka Kinangop kwenda soko la Marikiti, Nairobi. Huondoka saa tisa usiku ili afike kabla bei haijaanguka. Njia yake ina ukungu mwingi, na mara kadhaa amerudi nyumbani akitusimulia jinsi alivyoendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha akifuata mstari wa barabara. Sisi watoto tulikuwa tukicheka na kumwona shujaa. Mama hakuwa akicheka.

Usiku mmoja baada ya ule mjadala, nilimsomea Baba daftari langu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia, "Baba, si nawe usiwe ukiondoka ukungu ukiwa mzito?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huyo rubani ana sheria ya kumwonyesha mkubwa wake. Mimi nina simu ya tajiri tu. Nikisema ukungu, ataniambia mbona fulani ameondoka."

Sikuwa na jibu. Lakini Mama alikuwa na jibu. Alisema, "Basi jiwekee mikaratusi yako." Tukatoka nje sote watatu na tochi. Kutoka langoni kwetu kuna nguzo za stima kando ya barabara. Tukakubaliana kwamba isipoonekana nguzo ya tatu kwa taa za gari, Baba haondoki mpaka ionekane. Na tajiri aliambiwa mchana, jua likiwaka, si usiku kwa simu. Alinung'unika, akakubali kwa shingo upande.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yamekuwa asali. Tangu siku hiyo Baba amechelewa soko mara nne, na mara mbili kati ya hizo kabeji ziliuzwa kwa hasara, akakatwa pesa. Muhula huo karo yangu ilichelewa, nikarudishwa nyumbani siku tatu. Nilikaa jikoni na Mama tukimenya viazi, na Baba alikuwa amelala chumba cha pili, namsikia akikoroma. Sikulalamika.

Hitimisho

Kwa maoni yangu, sheria peke yake haitoshi kwa sababu haina macho ya kuona ukungu wa uwanja huu leo hii. Busara peke yake haitoshi kwa sababu huchoka, huona haya, huogopa wakubwa, na sikio lake hudanganyika. Rubani mwema huchukua sheria kama mahali pa chini kabisa, kisha huongeza busara yake juu yake. Anaweza kukataa hata pale sheria inaporuhusu. Kukubali pale sheria inapokataa, ili tu awahi, hapana.

Na kwako wewe mwanafunzi mwenzangu, siku utakapomwona dereva au rubani amekataa kuondoka, usimwite mwoga. Mimi nilimwita, na bado naona haya. Matatu zetu zimeandikwa "Kawia ufike" mgongoni, tunasoma kila siku bila kusoma.

Msamiati wa makala haya

Rubani: mtu anayeendesha ndege au helikopta.
Rafadha: mapanga yanayozunguka na kuibeba helikopta hewani.
Vipimo: saa na vioo vilivyo mbele ya rubani vinavyomwonyesha mwendo, kimo na jinsi ndege ilivyoinama.
Mwanagenzi: mtu anayejifunza kazi, ambaye bado hajaiva.
Shingo upande: bila kupenda, kwa kulazimika.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini helikopta hupata taabu zaidi katika ukungu inapoondoka kuliko ndege ya kawaida?
2. Eleza jinsi sikio linavyoweza kumfanya rubani aishushe pua ya helikopta bila sababu.
3. Linganisha ajali ya Gillingham ya mwaka 2014 na ile ya Calabasas ya mwaka 2020. Sheria ilikuwa wapi na busara ilikuwa wapi?
4. "Uamuzi niliufanya jua likiwaka." Toa mfano kutoka maisha yako ambapo ni afadhali kuamua mapema.
5. Je, tajiri wa Baba alipaswa kumkata pesa? Jadilini kwa makundi.